Ujira wa Siku na Malipo ya Matumizi: Mwongozo wa Hakimiliki na Bei ya Haki kwa Wasanii wa Dodoma

Miaka kadhaa iliyopita nilitunga wimbo wa dakika mbili kuhusu kunawa mikono, kwa ajili ya mradi mmoja uliokuwa ukizunguka vijiji vya Bahi na Chamwino. Niliurekodi mchana mmoja katika studio ndogo ya Majengo, nikasaini karatasi ya mahudhurio, nikapokea shilingi 150,000 na kurudi nyumbani nikiwa nimeridhika. Miezi minane baadaye, nikiwa ndani ya daladala iliyotoka Jamatini kwenda Nkuhungu, niliusikia wimbo ule redioni. Ubeti wa pili ulikuwa umeondolewa, na mahali pake palikuwa na jina la sabuni. Nilipokwenda kuuliza, niliambiwa kwa upole kabisa kwamba mimi nilikwishalipwa.

Sheria ilikuwa upande wangu, lakini sikulijua hilo, na hata ningelijua nisingekuwa na cha kuonyesha. Maneno ya wimbo niliyaandika kwenye kipande cha karatasi nilichokitupa, kompyuta ya studio ilikuwa imefutwa na kuwekwa programu upya, na karatasi pekee iliyokuwa na saini yangu ilisema kwamba nilihudhuria. Tangu hapo nimekaa na vikundi vya ngoma, kwaya, wapiga picha za video na vijana wa studio, nikiwasaidia kuandika makubaliano yao kabla ya kazi kuanza. Ninayoyaeleza hapa ni yale ninayowaambia wao.

Fedha mbili ndani ya bahasha moja

Kazi ya sanaa huzaa malipo ya aina mbili, na sehemu kubwa ya dhuluma tunayoilalamikia hutokea kwa sababu malipo hayo mawili hutiwa katika bahasha moja. Ya kwanza ni ujira, yaani fedha ya jasho: kufika, kufanya mazoezi, kucheza, kuimba, kushika kamera, kukaa studio. Ya pili ni malipo ya matumizi, yaani fedha anayoitoa mtu kwa sababu anaitumia kazi yako baada ya wewe kuondoka. Malipo ya matumizi yakitolewa kwa mkupuo huitwa ada, na yakitolewa kila mara kazi inapotumika huitwa mrabaha. Fundi aliyejenga nyumba hulipwa ufundi wake akaenda zake, na mwenye nyumba hupokea kodi ya pango mwezi baada ya mwezi. Mtunzi ni fundi na mwenye nyumba kwa wakati mmoja, lakini akisaini kama fundi tu, atalipwa kama fundi tu.

Hapa Dodoma kosa hili lina sura yake. Mji wetu unaishi kwa mikutano, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016 shughuli zimezidi: semina, uzinduzi, makongamano, maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, sherehe za taasisi. Karibu kila moja hufunguliwa kwa ngoma, shairi au kwaya, na mara nyingi msanii huingizwa kwenye orodha ya posho pamoja na wajumbe. Akisaini orodha ile, kwa maandishi yeye ni mtu aliyehudhuria. Hakuna mstari unaosema kwamba alileta kazi yenye mwenyewe. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwomba kila msanii ni hili: usilipwe kwa karatasi ya mahudhurio peke yake. Beba ankara yako, hata iwe ya nusu ukurasa, inayotaja kazi uliyoifanya, tarehe, kiasi na malipo hayo ni ya nini. Ukilazimika kusaini orodha ya posho kwa sababu utaratibu wa mwenyeji ndio huo, saini, kisha mkabidhi ankara na ubaki na nakala yenye saini ya aliyeipokea.

Sheria inakupa nini

Kwa Tanzania Bara, sheria inayotuhusu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo katika vitabu vya sheria ni Sura ya 218. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Kwa upande wa Bara ofisi husika ni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, iliyo chini ya wizara inayosimamia utamaduni na sanaa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hakimiliki haizaliwi siku ya kupata cheti. Inazaliwa pale kazi inapotungwa, ikiwa ni kazi yako mwenyewe na si nakala ya kazi ya mwenzako. Wazo peke yake halilindwi: ukimweleza mtu kwamba ungependa kutengeneza filamu kuhusu wachimbaji wa chumvi, naye akaitengeneza, huna dai. Linalolindwa ni namna ulivyolieleza wazo hilo, yaani muswada, beti, mahadhi ya wimbo, mpangilio wa picha. Ndiyo sababu inafaa kuandika kwanza, ndipo usimulie.

Haki zenyewe ni za namna mbili. Haki za kiuchumi hukuwezesha kuruhusu au kukataza kunakili, kusambaza, kutafsiri, kubadili, kuonyesha hadharani na kutangaza kazi yako, na hizi unaweza kuzikodisha au kuzihamisha. Haki za kimaadili hukupa nguvu ya kutajwa jina na ya kupinga kazi isiharibiwe wala kupotoshwa, na hizi hubaki kwako hata baada ya kuuza zile nyingine. Wimbo wangu wa kunawa mikono uliponyofolewa ubeti na kubandikwa sabuni, haki zote mbili ziliguswa. Kuna pia hakishiriki, ambayo humlinda mtumbuizaji aliyeimba au kupiga ala hata kama hakutunga, humlinda aliyezalisha rekodi, na hulinda chombo cha utangazaji.

Haki za kiuchumi za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Aidha, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, kwa hiyo kazi iliyotungwa Kondoa inastahili ulinzi pia katika nchi nyingine wanachama, bila kulazimika kusajiliwa huko.

Kupanga bei bila kujidanganya

Bei ya haki huanza na hesabu ya ndani ya kikundi, kabla ya mazungumzo na mteja. Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 14 kutoka Chamwino kilichoalikwa kufungua kongamano mjini kwa shilingi 600,000. Kiasi hicho husikika kikubwa kinapotajwa kwenye simu. Kukodi gari kwenda na kurudi ni shilingi 150,000. Chakula na maji kwa shilingi 5,000 kila mtu ni 70,000. Kuwamba upya ngozi ya ngoma moja na kushona njuga za miguuni ni 30,000. Mfuko wa kikundi hupata 50,000. Zimebaki 300,000, na kila mmoja anapata shilingi 21,428. Kama walifanya mazoezi siku tatu na siku ya nne ndiyo ya shughuli, kila mama aliyebana muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, katikati ya mapaja tangu asubuhi amelipwa shilingi 5,357 kwa siku. Nimewahi kuifanya hesabu ya namna hii ubaoni mbele ya kikundi, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba bei ilikuwa ndogo.

Anza, basi, kutoka chini: amua ujira wa siku ambao kila mwanakikundi anastahili, uzidishe kwa siku zote za kazi zikiwamo za mazoezi, ongeza gharama, ongeza mfuko wa kikundi, ndipo utaje bei. Mteja akisema bajeti yake haitoshi, usipunguze ujira, punguza kazi. Watu tisa badala ya 14, onyesho la dakika 20 badala ya saa nzima, au mteja alete gari lake mwenyewe. Kwa njia hii thamani ya siku ya mtu haishuki kila anapojadiliana.

Bei ya matumizi huja baada ya hapo, na huulizwa kwa maswali manne: kazi itatumika wapi, kwa njia gani, kwa muda gani, na je, mteja anataka aitumie yeye peke yake. Sauti itakayochezwa kwenye redio moja ya mkoa kwa mwezi mmoja haiwezi kuwa na bei sawa na ile itakayochezwa nchi nzima, kwenye televisheni na mitandaoni, kwa miaka mitatu. Ukiulizwa kwa nini unatoza mara mbili, jibu kwa utulivu: "Ndugu mratibu, bei ya kwanza ni ya onyesho la leo. Mkihitaji kurekodi na kutumia katika tangazo, tutakubaliana bei ya matumizi, kwa sababu hapo kazi yetu itaendelea kuwafanyia kazi sisi tukiwa tumeondoka." Waratibu wengi si watu wabaya. Hawajawahi tu kusikia msanii akiitenganisha bei hiyo mbele yao, na wakielezwa mapema, bajeti ikiwa bado inaandikwa, mara nyingi hupatikana nafasi.

Mkataba wa ukurasa mmoja

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, na jambo hilo huwafanya watu walegee. Makubaliano ya kucheza ngoma yanaweza kuwa ya mdomo, lakini kuhamisha hakimiliki kunahitaji maandishi yenye saini. Maana yake ni kwamba asiyekuwa na karatasi yako hawezi kujidai kuwa amenunua haki zako. Ubaya ni kwamba nawe usipokuwa na karatasi, utahangaika kuthibitisha kwamba kazi ni yako na kwamba mlikubaliana bei.

Mkataba mzuri wa kazi ndogo hutosha katika ukurasa mmoja wa Kiswahili. Utaje majina kamili ya pande mbili na namba za vitambulisho; kazi yenyewe kwa jina na urefu wake; ujira, malipo ya awali na tarehe ya kumalizia; matumizi yanayoruhusiwa; namna jina lako litakavyotajwa; na kitakachotokea shughuli ikiahirishwa. Malipo ya awali ya nusu si kukosa adabu. Gari hukodiwa kwa fedha taslimu, na kikundi kisichopewa chochote mapema hulazimika kukopa ili kwenda kumfanyia mtu kazi. Kwa maonyesho ya jukwaani, kifungu ninachokipendekeza kila mara husomeka hivi:

"Malipo haya ni ya onyesho la moja kwa moja la tarehe iliyotajwa pekee. Mwenyeji anaweza kupiga picha na video kwa ajili ya kumbukumbu yake ya ndani. Matumizi ya sauti, picha au video ya onyesho hili katika tangazo, redio, televisheni, mitandao ya kijamii au bidhaa yoyote yatahitaji ridhaa ya maandishi ya kikundi na malipo yatakayokubaliwa kabla ya matumizi."

Unapoletewa mkataba ulioandikwa na upande wa pili, tafuta kwanza maneno "haki zote", "duniani kote", "milele" na "kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa". Kila neno kati ya hayo ni mali inayoondoka mikononi mwako. Si lazima ukatae. Kuna kazi unazoweza kuamua kuziuza moja kwa moja, na huo ni uamuzi wako. Lakini anayenunua nyumba hatoi bei ya chumba cha mwezi mmoja. Pendekeza "leseni ya miaka miwili, Tanzania, kwa redio na mitandao ya mwenyeji" badala ya "haki zote", kisha msikilize anavyojibu. Akisisitiza haki zote, bei ipande kwa kadiri hiyo hiyo. Omba mkataba siku moja kabla, usome nyumbani, umwonyeshe mtu anayejua kusoma mikataba. Anayekulazimisha kusaini ukiwa umeshika kipaza sauti ameshakuonyesha jinsi anavyofanya kazi.

Yako mambo madogo ambayo hukumbukwa wakati wa ugomvi. Mkataba uliokusudiwa kutumika mahakamani huulizwa ushuru wa stempu, kwa hiyo ulipie mapema badala ya kusubiri kesi. Aliye chini ya miaka 18 asisaini peke yake. Mzazi au mlezi awepo na asaini. Kiongozi anayesaini kwa niaba ya kikundi awe na muhtasari wa kikao uliompa idhini, na malipo yaingie kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini wawili au watatu. Nimeona vikundi vyenye miaka kumi vikivunjika si kwa sababu mteja hakulipa, bali kwa sababu alilipa kwenye simu ya mtu mmoja.

Ndani ya studio

Wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake, na vijana wengi wa Makole, Chang'ombe na Area C ninaokutana nao huzichanganya. Kuna utunzi, yaani maneno na mahadhi ya wimbo, ambao hubaki kuwa utunzi hata ukiimbwa na mtu mwingine. Na kuna rekodi yenyewe, ambayo studio huiita masta. Mwenye utunzi na mwenye masta wanaweza kuwa watu tofauti. Swali la kuuliza kabla ya kuingia studio ni hili: prodyuza analipwa, au anachangia? Ukimlipa gharama yake kamili, masta iandikwe kuwa yako. Asipokutoza kitu, ni halali adai sehemu, lakini sehemu hiyo iandikwe siku hiyo hiyo, kabla wimbo haujaanza kupendwa, kwa sababu watu wakisubiri mpaka uvume ndipo wagawane, kila mmoja atakumbuka kwamba yeye ndiye aliyefanya kazi kubwa.

Karatasi ya mgawanyo huandikwa hivi. Chukua wimbo ambao mwimbaji ametunga maneno na mahadhi yake, mwenzake ametengeneza mdundo, na mpiga zeze aliyeitwa kutoka Mvumi amebuni kipande kinachojirudia kati ya beti, kile ambacho msikilizaji hukipiga mluzi baadaye. Wanaweza kukubaliana utunzi ugawanywe asilimia 50 kwa mwimbaji, 30 kwa mtengeneza mdundo na 20 kwa mpiga zeze. Na masta asilimia 60 kwa aliyelipia studio, 30 kwa mwimbaji na 10 kwa prodyuza. Sheria haikuweka asilimia hizo. Ni makubaliano tu, muradi kila upande ufikie 100 na wote wasaini. Ninamtaja mpiga zeze kwa makusudi. Mara nyingi huyu mzee hupewa nauli na soda, akapongezwa, kisha jina lake halionekani popote, ingawa bila kipande chake wimbo ule ungefanana na nyimbo nyingine mia moja. Kama alifuata tu kile alichoelekezwa, alipwe ujira mzuri kama mtumbuizaji na atajwe. Kama alibuni, yeye ni mtunzi mwenza.

Usitoke studio bila mafaili ya kila ala peke yake, maneno yaliyochapwa, na nakala ya mwisho yenye tarehe, vyote vikiwa kwenye flashi na kwenye barua pepe yako. Kompyuta huibiwa, hufutwa, na huungua umeme unapokatika na kurudi ghafla.

Ngoma za asili na wageni wenye vinasa sauti

Hili linatuhusu watu wa kanda ya kati kuliko wengi. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha muziki wa ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze hadi kampuni ya kurekodi ya Real World nchini Uingereza, na tangu hapo ulimwengu umejua kwamba huku kuna sauti isiyopatikana kwingine. Wageni huja Chamwino, hasa wakati wa tamasha la muziki wa Kigogo, na wengine hufika hadi vijijini. Wengi huja kwa heshima na kujifunza. Hata hivyo rekodi iliyofanywa chini ya mbuyu inaweza kuishia ndani ya filamu, na walioimba wasijue.

Wimbo wa jadi una tabaka tatu. Wimbo wenyewe uliorithiwa, usio na mtunzi anayejulikana, ni mali ya jamii, na hakuna kijana anayeweza kwenda kuusajili kwa jina lake. Juu yake kuna mpangilio wenu mpya, kama vile beti mlizoziongeza au namna mlivyounganisha uimbaji wa nindo wa Kigogo na ngoma ya muheme, ambao ni kazi yenu. Juu ya hapo kuna utumbuizaji wenu na rekodi iliyofanywa siku hiyo, ambavyo vinalindwa na hakishiriki. Mgeni akisema kwamba wimbo ni wa asili na hivyo hauna mwenyewe, amezungumzia tabaka la kwanza na kuziruka mbili. Na hata hilo la kwanza halikuachwa wazi: Sheria ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, inayotaka matumizi yake ya kibiashara nje ya mazingira yake ya asili yapate idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na jamii au mahali sanaa hiyo ilipotoka patajwe.

Kabla kinasa sauti hakijawashwa, kikundi kimwombe mgeni aseme mbele ya mwenyekiti wa kijiji yeye ni nani, anarekodi kwa ajili ya nini, na rekodi itahifadhiwa wapi. Aandike kwamba matumizi ni ya utafiti au mafunzo pekee, na kwamba akitaka kuyageuza kuwa ya biashara atarudi kuomba ridhaa na kulipa. Aache nakala kamili kijijini ndani ya muda uliotajwa. Majina ya waimbaji, wapiga ala na kijiji yaandikwe kwa tahajia wanayoitaka wao. Watoto wasirekodiwe bila mzazi kukubali. Karatasi hiyo isomwe kwa sauti, kwa Kigogo ikibidi, kwa sababu wako bibi zetu wanaoimba vizuri kuliko sote na hawakuwahi kukaa darasani. Kuwawekea kidole gumba kwenye karatasi ambayo hawakusomewa ni dhuluma, hata kama mgeni ana nia njema.

Kusajili na kufuatilia mirabaha

Usajili COSOTA ni wa hiari, lakini cheti chake ni ushahidi mzito kunapokuwa na mabishano. Unaandaa fomu, nakala ya kazi, kitambulisho na ada, na siku hizi si lazima usafiri, kwa kuwa usajili hufanyika pia kwa njia ya mtandao. Kama kazi ina watunzi wenza, ambatisha karatasi ya mgawanyo. Usajili wa BASATA na wa Bodi ya Filamu ni mambo mengine: huko ni kutambuliwa kama msanii au kikundi na kufuata taratibu za filamu, wala haviwi mbadala wa kusajili hakimiliki.

Mirabaha hutokana na leseni wanazotakiwa kulipia wanaotumia kazi hadharani, kama redio, televisheni, hoteli, baa na mabasi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliibadili COSOTA kutoka chama kuwa ofisi, na yakafungua njia kwa taasisi za wenye kazi wenyewe kupewa leseni ya kukusanya na kugawa mirabaha. Kwa hiyo kusajili wimbo hakutoshi; ulizia ni taasisi gani yenye leseni kwa aina ya kazi yako, jiunge, wasilisha orodha ya kazi zako zote, na hakikisha jina lako la kisanaa na la kitambulisho vimeunganishwa. Fedha nyingi hukwama kwa sababu wimbo ulichezwa kwa jina moja na akaunti ya benki ina jina jingine.

Kwenye mtandao, kila rekodi iwe na namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo hutolewa kupitia msambazaji wako. Soma mkataba wa msambazaji kwa makini ule ule: anachukua asilimia ngapi, analipa kila baada ya muda gani, na unaweza kuondoka vipi. Mtu akipandisha kazi yako YouTube, kuna fomu ya mwenye haki ya kuomba iondolewe. Ijaze tu pale unapokuwa na hakika, kwa kuwa dai la uongo hukurudia.

Kwa upande wa kodi, uwe na TIN, yaani namba ya utambulisho wa mlipakodi, na ujue kwamba mirabaha kwa kawaida hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Kukatwa si kuibiwa, ila dai hati ya kodi iliyokatwa, maana ndiyo itakayoonyesha TRA kwamba ulikwishalipa.

Pale wanapokutumia bila kukulipa

Kusanya ushahidi kabla ya kulalamika, kwa sababu ukishapiga kelele kazi inaweza kufutwa. Rekodi matangazo kwa simu na utaje kwa sauti siku, saa na jina la kituo. Piga picha ya skrini yenye tarehe. Tafuta shahidi mmoja aliyesikia. Kisha andika ujumbe wa kiungwana, kwani wengine hutumia kazi kwa kutojua na hulipa mara wanapoelezwa: "Habari za kazi, ndugu meneja. Tarehe iliyotajwa hapa chini mlitumia wimbo wetu katika tangazo lenu. Makubaliano yetu, ambayo nakala yake nimeambatisha, yalihusu onyesho la jukwaani pekee. Tunaomba tukutane ndani ya siku saba tukubaliane ada ya matumizi yaliyokwishafanyika na yanayoendelea." Wasipojibu, barua rasmi ya madai ifuate, ikabidhiwe kwa dispachi na isainiwe. Hatua inayofuata ni kupeleka malalamiko COSOTA ambako pande mbili huitwa na kusuluhishwa, na ikishindikana, mahakama, ambako mwanasheria atahitajika. Usianzie kwenye mitandao ya kijamii. Najua hasira ile, lakini neno moja la matusi lililoandikwa usiku linaweza kukugeuza kutoka mdai kuwa mdaiwa.

Daftari

Kwa kuwa haki hizi humzidi mtu umri kwa miaka 50, familia yako itazihitaji. Nunua kaunta buku moja, na katika kila mstari andika jina la kazi, tarehe uliyoitunga, walioshiriki na asilimia zao, mahali iliporekodiwa, namba ya cheti kama ipo, nani ameruhusiwa kuitumia na mpaka lini. Mzee mmoja mpiga zeze ninayemtembelea Mvumi hasomi, lakini mjukuu wake wa darasa la sita humwandikia kila Jumapili jioni. Mzee hupiga kipande cha wimbo, hutaja mwaka kwa kukumbuka njaa au mvua ya mwaka huo, na mtoto huandika. Nilipowaona mara ya mwisho walikuwa wamefika wimbo wa 41, na bibi alikuwa ameshaonyeshwa sanduku linapokaa daftari hilo, chini ya vitenge, pamoja na kadi ya benki na hati ya shamba.